Kioo Kinachokubali Maji

Kwa miaka minne nilikipaka dawa kioo cha mbele
kila Jumapili ya kwanza ya mwezi,
nyuma ya gereji ya kampuni, hapa Kanazawa,
mji ambamo mama humwambia mwana:
chakula sahau, mwavuli usisahau.

Sakuma ndiye aliyenifundisha. Kijana wa zamu ya mchana,
nywele kazipaka rangi ya chai.
"Mzee Tsubota, waipa ni mambo ya enzi zenu.
Paka, ngoja ikauke iwe kama maziwa, futa.
Ukifika kilomita sitini kwa saa
matone yatakimbia yenyewe."

Na kweli yalikimbia.
Yalijikusanya yakawa shanga,
yakatetemeka kidogo, kama yanashauriana,
halafu yakapanda kioo, yakaruka paa, hayooo.
Nilicheka peke yangu katika barabara ya bandarini.
Abiria wa nyuma akadhani namcheka yeye.

Ila sitini, jamani. Sitini ndiyo ilikuwa bei.
Chini ya hapo matone yalikaa palepale yakinitazama.
Basi nikawa nakanyaga mafuta ili nione,
mtu ambaye angepaswa kuona kwanza
ndipo akanyage.

Dawa ikizeeka haikuagi.
Inachakaa vipande vipande, hapa ipo, pale haipo,
waipa zikipita zinagugumia, ga, ga, ga,
kama bwana harusi aliyesahau jina la mkwewe.
Moshi wa malori unaganda juu yake,
na usiku kila taa inayokuja
inavaa manyoya.

Tarehe tisa Desemba, mvua nusu, theluji nusu,
nilikuwa na taa nne za manyoya mbele yangu
na kivuko cha miguu katikati,
nilichokijua kwa mazoea tu.
Mwavuli mweusi. Koti jeusi.
Nilifunga breki kabla sijajua namfungia nani.

Kati ya bampa na mfuko wake wa vitunguu
ungepitisha kiganja. Viwili, labda.
Yule mama akaukunja mwavuli, katika mvua ile,
akaniinamia.
Yeye! Akaniomba radhi mimi.
Kisha akavuka.

Mke wangu, Kinuyo, aliuliza mbona vitunguu navisukuma
pembeni mwa bakuli.
Nikasema tumbo.

Jumapili nikabandika utepe wa karatasi kuzunguka raba,
nikachukua unga mweupe wa kusugulia vioo, sponji, ndoo.
Miduara midogo midogo, kiganja baada ya kiganja.
Utajua dawa bado ipo pale uji wa unga unapojikunja,
unapokataa kukaa.
Unasugua mpaka uache kukataa.
Nilianza asubuhi; bega la kulia likaniambia ni adhuhuri.
Sakuma akapita na kopo la kahawa:
"Mzee, unalivua gari koti wakati wa baridi?"

Nikamwaga maji.
Hayakuwa shanga. Hayakukimbia.
Yalitandaa, utando mmoja toka kona hadi kona,
mwembamba, umetulia,
na nyuma yake nikauona ukuta wa gereji, kila msumari,
kalenda ya duka la matairi, bado iko Oktoba,
na Sakuma na nywele zake,
mashina yameanza kurudi nyeusi.

Miaka yote hiyo nilidhani kioo safi
ni kile kinachofukuza maji.

Akaniuliza, nikupe kopo jipya, bure?
Nikamwambia weka, utampa mwingine.
Nikanunua waipa mpya, raba laini,
jozi moja bei ya chakula cha mchana mara mbili.

Sasa mvua ikinyesha naendesha arobaini.
Waipa zinakwenda, zinarudi, hazisemi kitu.
Abiria wenye haraka wanapumua kwa pua, wanatazama saa.
Nawaambia: mvua.
Nao hugeuka dirishani,
kama watu walioambiwa kuna mgeni nje.